Dawa za Kusafishia Mfumo wa Mafuta kwenye Mashine za Boti za Tu-stroki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karakana yetu iko pwani ya Tanga. Tunashughulika na mashine ndogo na za kati, karibu zote tu-stroki (injini za mapigo mawili) za kabureta: nguvu za farasi 8, 15, 25, 40, mara chache 75. Maswali haya tumeulizwa na manahodha, wenye boti za dagaa, wapeleka watalii visiwani na hata mafundi wenzetu. Mengi yaliulizwa mtu ameshika chupa mkononi na mashine imelazwa mchangani. Tumeyajibu hapa kama tunavyoyajibu pale pale, ila bila utani wa ufukweni.

Hii dawa yenyewe ni kitu gani?

Chupa zinafanana, lakini ndani mna vitu vya aina tatu, na wauzaji wengi hawazitofautishi.

Aina ya kwanza ni viyeyushi: nafta, mafuta mepesi, alkoholi. Hivi hulainisha gundi iliyoachwa na petroli iliyolala. Sea Foam ya Marekani, ambayo watu wanaletewa na ndugu zao, iko zaidi upande huu. Aina ya pili ni sabuni hasa, yaani kemikali inayong'ang'ania uchafu na kuuondoa. Iliyo bora kwa chumba cha moto inaitwa polietha-amini, kwa kifupi PEA, kwa sababu inavumilia joto hadi ifike kwenye kichwa cha pistoni ikiwa bado ina nguvu. Yamaha Ring Free Plus imejengwa juu ya hiyo. Aina ya tatu haisafishi kitu. Ni ya kutunza petroli isiharibike ikikaa, mfano wake STA-BIL.

Kwa hiyo mtu akikuambia "nimeweka dawa", muulize kwanza: dawa ya nini?

Mashine yangu ya tu-stroki inaihitaji kweli? Mbona gari langu nilishauriwa niweke?

Gari lako ni injini ya mapigo manne. Lina valvu za kuingiza hewa na zinashika masizi, na dawa nyingi za madukani zilitengenezwa kwa ajili ya valvu hizo. Tu-stroki haina valvu za namna hiyo. Ina vibamba vyembamba vya chuma au faiba, mafundi huviita reedi, na matundu ubavuni mwa silinda. Masizi yake hujikusanya sehemu nyingine: kwenye kichwa cha pistoni, kwenye mifereji ya ringi, na kwenye tundu la moshi.

Hapo penye ringi ndipo pa kuangalia. Ringi inatakiwa icheze ndani ya mfereji wake, itanuke na kubana ukuta wa silinda. Masizi yakijaa mferejini ringi inaganda. Kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, inashuka, mashine inakuwa nzito kuwaka asubuhi, na mwendo ule uliouzoea na watu sita unaupata sasa na watu wanne. Mashine inayokwenda mwendo wa taratibu kutwa nzima, kama ya kuvuta ndoano au kulinda nyavu, inapata masizi mengi kuliko ile inayokimbia, kwa sababu haipati joto la kuyaunguza.

Kwa mashine kama hiyo, dawa ya PEA kidogo kidogo, kila ukijaza tangi, ina faida. Kwa mashine inayokwenda mbio kila siku, petroli safi, oili sahihi, hailali wiki nzima, sisi hatukushawishi ununue. Pesa hiyo nunua filta na plagi za akiba.

Jeti imeziba. Nikimwaga dawa kwenye tangi itazibuka?

Hili ndilo swali lililotufanya tuandike ukurasa huu. Jibu ni hapana, na kujaribu kunaweza kukugharimu silinda.

Fikiria dawa inafikaje kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Inabebwa na petroli. Jeti iliyoziba haipitishi petroli, basi na dawa haipiti. Iliyoziba nusu inapitisha nusu ya dawa, na pale penye gundi kavu iliyokaa miezi, petroli yenye kijiko cha dawa inapita pembeni kama maji yanavyopita kwenye jiwe.

Kwenye gari ungepata hasara ya muda tu. Kwenye tu-stroki hali ni nyingine kabisa, na ndiyo sababu tunakuwa wakali. Oili ya mashine yako, kama haina tangi lake la oili, imo ndani ya petroli. Hakuna karteri ya oili chini, hakuna pampu inayorusha oili kwenye beringi. Kila tone la oili linalofika kwenye krenki, kwenye beringi na kwenye ukuta wa silinda limepitia kwenye jeti ile ile. Jeti ikiziba nusu, silinda imepungukiwa mafuta na wakati huo huo imepungukiwa oili. Mchanganyiko wenye hewa nyingi unaunguza kwa joto kali zaidi, na joto hilo linakutana na pistoni isiyo na ulainisho. Hapo ndipo pistoni inapokwaruza, inashika, au inatoboka katikati.

Tulipokea boti moja ya dagaa, mashine yenye silinda tatu na kila silinda na kabureta yake. Mwenyewe aliona inatetemeka na haivuti, akashauriwa dawa. Chupa ya kwanza, akasema imekuwa nafuu. Ya pili, nafuu zaidi. Siku ya tatu akiwa anarudi alfajiri na mzigo, mashine ikajamu. Tulipofungua, silinda mbili zilikuwa safi kama mpya, dawa imefanya kazi yake vizuri sana. Ya juu, ambayo jeti yake ilikuwa imeziba tangu mwanzo, pistoni imeyeyuka ukingoni. Ile nafuu aliyoihisi ilikuwa ya zile mbili nzima, nazo zilimpa moyo wa kumaliza ya tatu.

Dalili za jeti iliyoziba ni hizi: mashine inakubali ukivuta choki au ukiminya mpira wa mafuta kwa mkono, ukiacha inalegea, inawaka lakini haikai kwenye mlio wa chini, plagi ya silinda moja ni nyeupe na nyingine ni za kahawia. Ukiona hivyo usiende safari. Fungua kabureta, toa bakuli, toa jeti kubwa na ndogo, loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha puliza kwa upepo wa kompresa kutoka pande zote mbili. Usichokonoe na waya wa chuma. Jeti ni za shaba laini na tundu lake limepimwa. Ukilipanua umeshabadilisha mashine. Ukishika jeti juu ukaitazama kwenye mwanga, tundu lionekane duara kamili, bila kope.

Baada ya hapo, ukitaka kuweka dawa kwenye tangi ili pasizibe tena, karibu. Kazi yake ni hiyo.

Niweke kiasi gani?

Fuata chupa. Tatizo ni kwamba chupa nyingi zimeandikwa kwa aunzi na galoni za Marekani. Aunzi moja ni kama mililita 30, na galoni yao ni lita 3.8, si ile ya Kiingereza ya lita 4.5.

Ring Free, kwa matumizi ya kila siku, ni aunzi moja kwa galoni 10. Hiyo ni chini kidogo ya mililita moja kwa lita. Tangi jekundu la lita 24 linahitaji kama mililita 19, yaani kijiko cha chakula na ziada kidogo. Watu hawaamini kiasi hicho kidogo, wanamimina robo chupa. Kwa kusafisha masizi mazito kipimo chake huongezwa mara kumi, aunzi moja kwa galoni moja, na hapo tangi hilo hilo linapokea karibu mililita 190, kwa tangi moja tu halafu unarudi kwenye kijiko. Sea Foam inaanzia aunzi moja kwa galoni kwa matumizi ya kawaida, mara mbili kwa kusafisha.

Nunua bomba la sindano la duka la dawa. Kupima kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakoleta ugomvi.

Nikiweka dawa, nipunguze oili?

Usipunguze hata tone. Kuna chupa zinazosema dawa yake inalainisha pia, lakini hailainishi kiasi cha kuchukua nafasi ya oili. Kiyeyushi kingi hufanya kinyume: kinaufanya utando wa oili kwenye beringi kuwa mwembamba. Ndiyo maana tunasema kipimo kikubwa ni cha tangi moja, na si siku ya kubeba mzigo.

Mchanganyiko wa petroli 50 kwa oili 1 ni mililita 20 kwa lita, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Mashine mpya, saa 10 za mwanzo, vitabu vingi vinataka 25 kwa 1, mara mbili ya hapo. Kuna mashine zinazoruhusiwa 100 kwa 1, lakini soma kitabu cha yako. Usichukue kipimo cha jirani. Changanya hivi: petroli kidogo kwenye dumu, oili yote, tikisa, dawa, tikisa, halafu jazia petroli iliyobaki. Ukimwaga oili juu ya tangi lililojaa na kuondoka, oili itakaa chini na mashine itaanza safari kwa kuinywa peke yake.

Nimetumia oili ya dizeli namba 40 kuchanganyia kwa muda mrefu. Dawa itasafisha madhara?

Itapunguza, haitamaliza. Oili ya injini ya mapigo manne ina viungo vya madini, kalsiamu na zinki, vilivyowekwa ili ikae kwenye karteri kwa miezi. Ikiunguzwa inaacha majivu. Majivu si masizi. Masizi yanalainika kwa PEA. Majivu ni madini, hayayeyuki, yanajenga daraja kwenye plagi na kuacha vidonda vya moto juu ya pistoni vinavyowasha mchanganyiko kabla ya wakati wake.

Oili ya boti ina alama TC-W3, inayotolewa na chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, NMMA. Imetengenezwa bila majivu kwa sababu mashine ya boti inapozwa kwa maji na inafanya kazi kwa ubaridi kuliko pikipiki. Oili ya pikipiki ya tu-stroki nayo si mbadala mzuri. Ni afadhali kuliko namba 40, ila ina madini kidogo na imepangiwa joto la pikipiki.

Ukweli mchungu ni kwamba oili ya TC-W3 ni ghali, na mwenye boti anahesabu kila lita. Tunamwelewa. Lakini mtu anayebana kwenye oili kisha akanunua dawa ya bei ya oili ili kuondoa alichokisababisha, hesabu yake hatujaielewa bado.

Petroli yangu ina maji. Dawa itayaondoa?

Matone machache, dawa yenye alkoholi inaweza kuyachanganya na petroli yakapita. Kikombe cha maji haiwezi. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya tangi, na mrija wa kunyonya mafuta uko chini hapo hapo.

Chota kidogo kutoka chini ya tangi, weka kwenye chupa ya kioo, acha dakika kumi. Ukiona mstari, chini kuna kitu kinachotembea kama lulu, ni maji. Mwaga kwenye dumu la kando, tenganisha, kausha tangi. Kisha tafuta yalikoingilia: mara nyingi ni kifuniko chenye gasketi iliyokufa, au tangi linaloachwa nusu kwenye joto la mchana na umande wa usiku. Filta ya kutenganisha maji ya maikroni 10, ikifungwa kati ya tangi na mashine, imetuokolea kazi nyingi kuliko dawa zote tulizowahi kuuza.

Kwa wenzetu wa Ziwa Nyasa, kuna jambo la ziada. Malawi wamekuwa wakichanganya ethanoli ya miwa kwenye petroli tangu 1982. Petroli ya namna hiyo hufyonza unyevu, na maji yakizidi, ethanoli inajitenga na kushuka nayo chini. Ikifika hapo hakuna dawa inayoirudisha. Na usiiongezee dawa yenye alkoholi nyingi.

Je, petroli iliyochakachuliwa?

Kuchakachua, neno ambalo wengi tulilizoea kwenye mafuta kabla halijahamia kwenye kura. Mafuta ya taa yakitiwa kwenye petroli yanashusha oktani, yaani uwezo wake wa kuwaka bila kugonga, mashine inagonga kama kokoto ndani ya kopo, na masizi yanaongezeka. Dawa ya kusafishia haipandishi oktani kwa kiasi cha kukuokoa. Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili faida ya kuchanganya ipotee. Vituoni hali ni nafuu. Tatizo la ufukweni ni madumu: petroli imepita mikono mitatu kabla ya kufika kwako.

Dondosha matone kwenye karatasi nyeupe, kabla hujachanganya oili. Petroli safi inapotea bila kuacha doa la grisi. Ikiacha, badilisha muuzaji.

Mashine za Yamaha za mafuta ya taa zipo, lakini hizo zimetengenezwa hivyo, kompresheni yake ni ya chini. Usiifanye yako iwe hivyo kwa lazima.

Dawa ya gari inafaa? Na ile ya dizeli?

Ya gari ya petroli, yenye PEA, inafaa ukifuata kipimo. Nyingine zimejaa kemikali ya bei nafuu inayosafisha valvu lakini inaacha mabaki kwenye chumba cha moto. Kwetu hiyo ni kununua tatizo. Ya dizeli usithubutu. Dawa nyingi za dizeli zina kiungo cha kuharakisha kuwaka, na kitu kinachoharakisha dizeli kuwaka ndicho kinachofanya petroli igonge.

Wazee wanatumia naftalini, tinna, asetoni. Kuna ubaya?

Naftalini, vile vidonge vya kuwekea nguo, vinayeyuka kwenye petroli ya joto, halafu petroli ikipungua vinarudi kuwa fuwele ndani ya jeti. Tumevikuta. Tinna na asetoni vinakula mipira: mpira wa kuminya, bomba la mafuta, na zaidi ya yote kiwambo cha pampu ya mafuta. Kiwambo hicho kinasukumwa na pumzi ya krenki. Kikitoboka, petroli mbichi inaingia ndani ya mashine moja kwa moja, silinda inalowa, plagi zinakufa, na wewe unaanza kulaumu plagi.

Petroli yenyewe, ikiwa mpya, ni kiyeyushi kizuri. Wazee walikuwa sahihi kwamba kitu kinahitaji kuyeyushwa. Walichokosea ni kukiyeyusha mashine ikiwa kazini.

Nimeweka dawa na sasa mashine inakatikakatika. Imeharibika?

Pengine dawa imefanya kazi kupita kiasi. Tangi la miaka mingi lina ngozi ya gundi ndani yake. Dawa inaibandua, na vipande vyote vinakwenda kwenye filta. Toa filta, itazame, badilisha. Ndiyo maana mara ya kwanza tunashauri uweke dawa ukiwa karibu na pwani, na filta ya akiba mfukoni. Si usiku, si siku ya kwenda Pemba.

Namna gani ya kuondoa masizi bila kufungua mashine?

Kwanza pima kompresheni. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Ikiwa moja iko chini sana na ukitia oili kidogo kwenye tundu la plagi inapanda, ringi inavuja: huenda imeganda, huenda imelika. Iliyoganda ina matumaini.

Fanya mashine ikiwa majini au kwenye pipa, kamwe isiwe kavu. Kama haikojoi, yaani haitoi maji ya kupozea, zima kabla ya kitu kingine. Iache ipate moto. Mwendo wa juu kidogo kuliko wa kusimama, nyunyizia dawa ya kopo polepole kwenye mdomo wa kila kabureta mpaka ikaribie kuzimika, kisha mimina ya mwisho na uiache ife. Kunywa chai. Robo saa kwa masizi mepesi. Kwa ringi iliyoganda toa plagi, mimina dawa kidogo kila silinda, zungusha kwa mkono, acha ilale usiku kucha.

Siku ya pili, plagi zikiwa nje, vuta kamba mara kadhaa ili kilichobaki ndani kitoke. Ziba tundu kwa kitambaa, usiweke uso hapo. Kisha washa kwa plagi za zamani. Moshi utakuwa mwingi kiasi cha majirani kuuliza. Kimbiza dakika kumi, weka plagi mpya, pima kompresheni tena. Ikipanda, rudia mara moja. Isipopanda, fungua. Kurudia mara tano ni kuosha oili kwenye ukuta wa silinda bila faida, na kipande kikubwa cha masizi kilicholegea kinaweza kunasa kwenye tundu la moshi na kuchora pistoni.

Boti hulala wakati wa mbalamwezi, na kusi ikikaza hulala zaidi. Niweke dawa gani?

Hili watu wa vitabu vya Ulaya hawalijui, wao wanazungumzia majira ya baridi. Sisi dagaa wa taa wana giza na mbalamwezi. Kila mwezi mashine inalala siku kadhaa, na kusi ikichafua bahari inaweza kulala wiki sita. Bakuli la kabureta ni dogo, lina tundu la hewa, na joto letu halina simile: petroli inapanda, oili na gundi vinabaki. Mashine inayolala hivyo kila mwezi inajiziba yenyewe bila mtu kuigusa.

Kwa mbalamwezi ya kawaida hakuna haja ya dawa. Siku ya mwisho suuza mashine kwa maji baridi, na ikiwa ingali inaunguruma taratibu chomoa bomba la mafuta. Ikianza kuhangaika izime, usiiache inyonye hewa mpaka ife kwa mwendo wa juu, kwa sababu dakika ile ya mwisho inakwenda bila oili. Halafu fungua skrubu ya chini ya kila bakuli, mwaga kilichobaki. Kazi ya dakika tano.

Kwa kusi, ongeza dawa ya kutunza kwenye petroli ikiwa bado mpya, endesha dakika kumi ili ifike kwenye kabureta, kisha mwaga mabakuli vile vile, na tia oili ya TC-W3 kijiko kimoja kila tundu la plagi, vuta kamba taratibu. Dawa ya kutunza haifufui petroli iliyooza. Ikinuka kama rangi ya mlango, achana nayo.

Mashine yangu ina tangi lake la oili. Dawa niweke wapi?

Kwenye petroli. Usiiweke kwenye tangi la oili kwa hali yoyote.

Zile za sindano za moja kwa moja, zinazorusha petroli ndani ya silinda kwenyewe, kama Evinrude E-TEC, petroli yake haipiti kwenye krenki, kwa hiyo hatari ya kuosha beringi ni ndogo na faida ya PEA kwenye sindano ni kubwa. Ni chache huku, na kampuni ya BRP iliacha kutengeneza Evinrude mwaka 2020, kwa hiyo anayenayo aitunze sindano yake.

Nitajuaje dawa si bandia?

Nunua yenye lakiri chini ya kifuniko. Dondosha tone kwenye kioo, acha kivulini mpaka kesho. Likipotea lote bila alama, ulichonunua ni kiyeyushi kitupu, pengine petroli yenye rangi. Sabuni halisi inaacha utando wa kunata. Na usinunue iliyopunguzwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto haoni tofauti. Akinywa, msimtapishe, maana ikiingia mapafuni ndipo inapoua. Mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe.

Inachafua bahari?

Tu-stroki ya kabureta inatupa nje kati ya robo na asilimia 30 ya mafuta yake bila kuyaunguza, kwa sababu tundu la moshi na la kuingilia yako wazi kwa pamoja kwa muda. Kwa sababu hiyo Marekani ilitunga kanuni mwaka 1996 zilizoziondoa sokoni kwake hatua kwa hatua hadi 2006. Kwa hesabu hiyo, katika kila chupa nne za dawa unazonunua, moja unawanywesha changu na pono. Sababu nyingine ya kutozidisha.

Mashine ilizama. Nikiweka dawa kwenye mafuta itapona?

Acha mafuta kwanza. Kama ilizama ikiwa inazunguka, na sasa krenki inakataa au inakwaruza, usilazimishe, ina mchanga au mkono wa pistoni umepinda. Kama inazunguka, isuuze yote kwa maji baridi, toa plagi, ilaze matundu yakitazama chini, vuta kamba mpaka maji yaishe. Mwaga kabureta, badilisha petroli yote, tia mchanganyiko wenye oili nyingi kwenye silinda, na uiwashe ndani ya saa mbili tatu, iende angalau nusu saa.

Huna fundi karibu na jua linazama? Usiiache juu ya mchanga ikauke. Chuma kilicholowa chumvi kinaota kutu kikikutana na hewa. Tafuta pipa, lijaze maji ya kisima, uizamishe tena humo mpaka fundi afike.